Mguu Uliosomea Mlimani

Nikolausi wa Tumati hakuweza kutembea tambarare. Hakuwa mgonjwa. Kwao, huko juu, alipanda na gunia la maharage begani huku akipiga mluzi, na alishuka na ndama shingoni bila kushika hata mti. Lakini siku za mnada aliposhuka Katesh, mara tu ardhi ilipolala, goti lake la kulia lilijikunja lenyewe, kama mguu unaotafuta kilima kilichoondolewa. Alikwenda hivyo duka hadi duka, bega moja juu, jingine chini, na wasiomjua wakampa pole.

"Pole ya nini?" aliniuliza siku ya kwanza alipoingia kwangu kununua chumvi ya ng'ombe.

"Ya mguu."

"Mguu mzima huu, Bwana Seifu. Huku kwenu ndiko kulikoharibika."

Wakati huo nilikuwa nauza nguo, sabuni na chumvi, na siku ya mnada nilinunua ng'ombe na ngozi. Nimekaa na watu wa kila namna, wa milimani na wa tambarare za Hanang, na sijapata kuona mtu aliyejifunza jambo moja vizuri kiasi kile hadi likamzuia kufanya mengine.

Jambo lenyewe lilikuwa mpira. Tumati hawakuwa na uwanja. Walikuwa na mteremko, na chini ya mteremko kijito. Wamisheni walipoleta mchezo, vijana walisimamisha magoli ubavuni mwa kilima, moja mashariki, moja magharibi, kilima huku, kijito kule. Mpira wao ulikuwa matambara yaliyofungwa kwa kamba za katani. Sheria ya kwanza waliitunga wenyewe: anayeuacha mpira uteremke hadi majini, aufuate yeye. Baada ya sheria hiyo hawakuhitaji mwalimu. Mtu akishapanda kutoka kijitoni mara chache, amekumbatia tambara lililolowa, mguu wake unajua wenyewe kwamba goli halipigwi kwa kulilenga. Unapiga kuelekea kilimani, mpira unakwenda ukikunja kushuka, na unapofika golini unaingia.

Sheria ya pili ilikuwa kwamba magoli hayabadilishwi. Watu wa mashariki walishambulia magharibi, wa magharibi walishambulia mashariki, leo na kesho na mwaka ujao. Kila upande uliona kupeana goli ni sawa na kupeana shamba, na shamba Tumati halitolewi kwa sababu ya filimbi. Kwa hiyo Nikolausi, tangu akiwa mchunga mbuzi mpaka akawa baba wa watoto, alicheza kilima kikiwa kuliani kwake, na hakufunga goli hata moja kilima kikiwa kushoto. Lakini kuliani! Watu walitoka Dongobesh kuja kumtazama. Hakutazama mpira, hakutazama mguu. Alitupia goli jicho, mguu ukafanya mengine.

Sikumcheka sana kwa hilo, maana mkono wangu ulikuwa na ugonjwa uleule. Miaka mingi nilipima kitambaa kwa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole, nikizungumza na mteja habari za mvua. Mkono ulipima, mdomo uliuza. Serikali ilipoleta fimbo ya yadi, nilipima kwa fimbo kama nilivyoamriwa, halafu mkono ukaongeza kipimo chake juu yake bila kuniuliza. Kuufundisha mkono kupima ilikuwa kazi ndogo. Kuufundisha kuacha ndiko kulikonitesa.

Basi, ilikuwa miaka ile serikali ilipoamua kwamba ng'ombe wa Mbulu wamezidi majani. Kila boma lenye ng'ombe wengi liliamriwa kuleta mmoja mnadani, na wa kuchagua alikuwa msaidizi wa Bwana Mifugo, kijana aitwaye Alfredi, aliyetoka shuleni na kaptula iliyopigwa pasi na filimbi shingoni. Alfredi alipofika kwa Nikolausi alipita ng'ombe wote, akasimama mbele ya Kilemba.

Kilemba alikuwa dume mwekundu mwenye baka jeupe kichwani, na ndiye dume pekee wa boma lile. Kumuuza Kilemba ni kusema majike wote wapewe likizo. Alfredi alijua hivyo, lakini alikuwa amefundishwa kwamba anayekula sana ndiye anayeondoka, na Kilemba alikula kama harusi. Akampiga alama ya chokaa ubavuni.

Nikolausi alishuka hadi dukani kwangu siku ileile, goti limekunjwa.

"Bwana Seifu, wewe unaongea na watu wa serikali. Mwambie achukue yule jike mkonde. Ni mmoja kwa mmoja."

Sitaficha, mimi nilikuwa nimeshamkadiria Kilemba kwa macho muda mrefu, na nilikusudia kumnunua mnadani. Lakini ng'ombe wa Tumati wote walipita mkononi mwangu, na mtu mwenye dume atakuletea ndama kila mwaka. Nikafunga duka, tukaenda.

Tulimkuta Alfredi uwanjani, nyuma ya mnada, akifundisha timu ya Katesh. Wachezaji walikuwa wamesimama mistari miwili, makarani, wapagazi na vijana wa madukani, na mpira haukuwepo. Mpira wa ngozi ulikuwa umefungiwa ofisini usichakae.

"Moja!" alipiga kelele Alfredi, na miguu yote ya kulia ikarudi nyuma. "Mbili!" Mikono ikapanuka. "Tatu!" Vifua vikainama. "Nne!" Miguu ikakata hewa, ikabaki juu, wakatulia wote kama korongo kwenye tope.

Mzee mmoja wa Kibarbaig aliyepita na ng'ombe zake alisimama, akaegemea fimbo.

"Hawa wamefanya kosa gani?" aliuliza.

"Wanajifunza mpira, mzee," nilimwambia.

"Mpira umewakosea nini?"

Alfredi alitueleza kwa heshima, maana alipenda kuelezwa na kueleza. Alisema kazi ya mwili hugawanywa vipandevipande, kila kipande kikanyooshwa peke yake, ndipo vinaunganishwa. Ndivyo alivyofundishwa mazoezi shuleni, ndivyo alivyofundishwa kuchoma ng'ombe sindano, na ng'ombe walipona. Nikolausi alimsikiliza hadi mwisho.

"Na mpira ukija kabla ya nne?" aliuliza.

"Hauji kabla ya nne," alisema Alfredi. "Kuna nidhamu."

Hapo nikaona mlango. Kijana huyu alikuwa na timu ambayo haijacheza na mtu, na hamu ya kucheza ilikuwa inamtoka machoni. Nilimwambia Tumati wana timu, na kwamba watu wa milimani wanasema timu ya Katesh ni gwaride la mazishi. Hawakuwa wamesema. Akavimba. Tukaanza kupatana. Tumati wakishinda, Kilemba atafutwa chokaa na jike mkonde atakwenda badala yake. Katesh wakishinda, Kilemba atauzwa, na juu yake Nikolausi atawashawishi wazee wa Tumati walete ng'ombe wote kuchomwa sindano bila kuwaficha msituni, jambo lililokuwa likimkondesha Alfredi. Nikolausi alitaka sare ihesabiwe ushindi wake. Alfredi alitaka ihesabiwe wake.

"Sare, dume linauzwa," alisema Alfredi, "maana limeshapigwa chokaa."

Nilimkanyaga Nikolausi mguu akubali kabla kijana hajafikiri vizuri. Akakubali.

Siku chache kabla ya mchezo nilimshusha Nikolausi auone uwanja. Nilimpa mpira wa matambara, nikamwambia apige. Akatupia goli jicho, akapiga. Ulikuwa mpigo mzuri kuliko yote niliyowahi kuona. Mpira ulikwenda kuliani mwa goli, na kwa kuwa hakukuwa na kilima cha kuurudisha, uliendelea kwenda, ukavuka uzio na kutua kwenye sufuria ya Mama Sauda aliyekuwa akikaanga vitumbua.

"Nani huyo?" ilisikika sauti ya Mama Sauda. "Nani ametupa nguo zake kwenye mafuta yangu?"

"Shikamoo, mama," alisema Nikolausi kutoka mbali.

"Marahaba! Usinipe shikamoo ya kunituliza! Njoo utoe takataka yako, kilema wewe!"

Alipiga tena. Ukaenda kwa Mama Sauda. Nikamwambia alenge goli lenyewe, katikati. Akanitazama kama niliyemwambia amwage maziwa.

"Nikilenga goli, mpira utakwenda kijitoni."

"Kijito hakuna hapa."

"Wewe unajua. Mguu haujui."

Fundi viatu alishauri tumpe kilima cha kuvaa. Akamkatia kandambili ya tairi, soli ya mguu wa kulia ikiwa na matairi mawili, moja juu ya jingine. Nikolausi akavaa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akatembea Katesh amenyooka kama askari. Watu walimpongeza. Kisha akapiga mpira, ukaenda kwa Mama Sauda. Kilima cha kuvaa kilimdanganya yeye, hakikuudanganya mpira.

Hayo yangevumilika kama ni yeye peke yake. Lakini timu ya Tumati ilichaguliwa pande zote mbili za kijiji, na nusu yao walikuwa wamekua na kilima kushoto. Waliposhuka siku ya mchezo na kuanza kujipasha, nusu ya mipira ilikwenda kulia na nusu kushoto, na goli lilikaa katikati, salama kabisa, kama mgeni asiye na jamaa. Nilifikiri kibiashara: wanaokosea kulia wapange kushoto mwa uwanja, wanaokosea kushoto wapange kulia, na makosa yao yatakutana katikati. Walinisikiliza. Mchezo ulipoanza, makosa yao yalikutana katikati kweli, kila mara, mahali ambapo hakuna mtu wa Tumati aliyesimama, kwa sababu wote nilikuwa nimewapanga pembeni.

Kilichotuokoa ni Katesh. Waliingia na jezi nyeupe, wamepaka miguu mafuta, na Alfredi akasimama pembeni na filimbi. Mpira ulipomjia karani wa posta, Alfredi aliita, "Moja!" Mguu ukarudi nyuma, mzuri sana. "Mbili!" Mikono ikapanuka. Mpira ukapita katikati ya miguu yake ukaenda zake. "Tatu! Nne!" Karani akaukata upepo mpira ukiwa umeshafika kwa mtu mwingine, akabaki mguu juu, anangoja kusahihishwa. Kila kitu Alfredi alichowafundisha walikijua. Alichosahau kuwafundisha ni kwamba mpira nao una shughuli zake. Kukipiga teke kitu kilichotulia ni kazi moja, na kumpokea ndama aliyekatika kamba ni nyingine, na vijana wale walikuwa wamefundishwa ya kwanza wakapewa ya pili.

Kwa hiyo hakuna aliyefunga. Watu walikuwa wengi, ilikuwa siku ya mnada, na Kilemba mwenyewe alikuwa amefungwa kwenye mti karibu na goli, chokaa ubavuni, anatafuna. Kila dakika iliyopita bila goli ilikuwa inamsogeza mnadani. Wanunuzi kutoka Singida walikuwa wameshaanza kumpapasa mgongo, na Nikolausi aliwaona.

Mama Sauda alikuwa amehama. Kwa kuwa balaa lilimjia kutoka kulia, alibeba sinia yake akakaa upande wa kushoto wa goli ambalo Tumati walilishambulia kipindi cha pili, karibu kabisa na mlingoti. Nikolausi alipopata mpira mbele ya goli lile, mama akainuka.

"Huyo tena! Piga, mguu wa kigoda! Mwanaume mzima unatembea kama meza iliyovunjika!"

Nikolausi alikasirika, akageuza uso kumtazama, na mguu wake ukapiga huku jicho likiwa kwa Mama Sauda. Mpira haukwenda kulia. Ulikwenda sawasawa, ukagonga mlingoti wa goli, *ko!*, ukarudi uwanjani.

Mimi niliona, na Nikolausi aliona. Mguu wake ulikuwa mwaminifu siku zote: ulipiga kuliani mwa jicho. Ni jicho lililokuwa mahali pabaya.

Muda ulikuwa unakwisha. Mchezaji mmoja wa Katesh, akitii hesabu, alipiga "nne" yake kwenye goti la mtu wa Tumati ndani ya eneo la hatari, na refa, mwalimu Joakimu wa Dongobesh, akatoa penalti. Nikolausi aliutenga mpira chini. Kisha, badala ya kurudi nyuma, alimfuata Mama Sauda.

"Mama, nakuomba unitukane."

"Nimechoka. Nina biashara."

"Lakini ulikuwa unatukana bure sasa hivi!"

"Nilikuwa natukana kwa furaha yangu. Ukiniagiza, hiyo ni kazi."

Refa alipuliza filimbi. Nilikimbia, nikaingilia kati, maana hawa wawili wangepatana hadi jua lizame. Mama Sauda alitaka maziwa kila siku ya mnada. Nikolausi alisema kibuyu kidogo. Mama akasema kwa kibuyu kidogo atamwita mjinga tu, basi. Nikawaamulia: kibuyu kikubwa, na matusi yaguse mguu, mwendo na namna anavyovaa, lakini wazazi waachwe. Wakapeana mikono. Alfredi alikuwa anapinga kwa refa kwamba hakuna kanuni inayoruhusu mpigaji kutukanwa kwa makubaliano. Mwalimu Joakimu alifikiri, akasema hakuna inayokataza.

Sasa Alfredi akafanya kosa lake la mwisho. Kipa wake alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote, aliruka vizuri kama paka, lakini hakuruka bila amri. Alfredi akakaza macho kwa Nikolausi ili asome anakotazama.

"Haya, mama," alisema Nikolausi.

"Mguu wa kijiko!" alianza Mama Sauda, mkono kiunoni. "Umevaa kaptula ya marehemu nani? Hata dume lako linaona aibu, tazama, limegeuka upande wa pili!"

Nikolausi alimkazia macho. Alfredi akaona macho.

"Upande wa Mama Sauda! Ruka!"

Kipa akaruka upande wa Mama Sauda, mwili wote umenyooka, mikono pamoja, vidole vimefungwa, mruko ambao ungeweza kupigwa picha ukabandikwa ofisini. Mpira ukapita upande wa pili, ukaingia polepole, ukakaa.

Nitawaacha watu wa Tumati washangilie, na nitawaambia kilichofuata upande wa biashara. Alfredi alisema goli si halali kwa kuwa mpigaji alikuwa anatazama kwingine. Nikamwambia dume linakuzwa na majani, si na macho, na goli linafungwa na mpira. Alinitazama, akawatazama wanunuzi wa Singida, akachukua tambara lenye maji, akamfuta Kilemba chokaa kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa kijana wa kutimiza neno. Jike mkonde alipigwa chokaa siku ileile, akauzwa, nami sikumgombania.

Nikolausi alipanda kwao na dume lake, na mlangoni mwa boma Benedikta mkewe alimpokea kwa vigelegele. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alikwenda mteremkoni kama kawaida. Akatupia goli jicho, akapiga, mpira ukaenda kijitoni. Akaufuata, akapanda, akapiga tena. Kijitoni. Mguu ulikuwa umegoma kabisa, haupigi tena kuliani mwa jicho, na yeye alijua unangojea nini.

"Benedikta," alimwambia mkewe, "njoo usimame pale unitukane."

Benedikta alijitahidi. Alimtukana kwa uvivu, kwa kukoroma, kwa kuacha mlango wazi. Lakini yale yote Nikolausi alikuwa ameshayasikia nyumbani tangu wafunge ndoa, hayakumgusa, na mguu haukuyatambua. Alijaribu kumleta Mama Sauda, akaambiwa kupanda Tumati ni kibuyu cha pili, na asali juu. Akaacha mpira. Akabaki kumchunga Kilemba, aliyezalisha kila ndama aliyeweza kumzalisha, na kila siku ya mnada alishuka na maziwa hadi kwa Mama Sauda, kandambili ya matairi mawili mguuni, akitukanwa kidogo kwa mazoea.

Kilemba alikufa kwa uzee miaka mingi baadaye, jambo ambalo kwa mfanyabiashara ni hasara tupu. Nyama ilikuwa ngumu hata fisi walisitasita. Ngozi niliinunua mimi. Ilikuwa na matundu ya kupe mgongo mzima, na Nikolausi alinitaka bei ya ngozi safi.